Pitia Hakuachia

Sadiya, nimetoka kwa baba sasa hivi hapa Koboko. Siamini.

Baba mdogo Pitia hakufa vitani kama tulivyoambiwa!

Nilimtajia tu baba kwamba binti yangu anajifunza kuteleza majini kwa ubao wenye tanga. Akalia. Mzee mzima!

Mwaka 1976, wakiwa jeshini, afande wao alileta ubao kama huo Rhino Camp, akawaamuru baba na Pitia wajifunze kwenye Nile. Somo la kwanza: upepo ukizidi, achia tanga, anguka.

Pitia hakuachia. Wiki hiyo alikuwa amechapwa viboko kwa kuangusha bunduki. Upepo ukambeba, baba akipiga kelele ukingoni, "Wacha hiyo kitu!"

Pitia akajibu, "Hii iko mali ya jeshi!"

Hakuachia, Sadiya. Walimwopoa kesho yake, maiti, vidole vimeng'ang'ania tanga.

Afande akauliza, "Tanga iko mzima?"