Usije Kabla Hujapimwa

Buchani kwangu, nyuma ya soko
Jumapili jioni

Mpendwa Shemeji Mchokozi,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe, na watoto, na huyo fundi bomba wako? Mimi mzima, bado nabeba paja la ng'ombe peke yangu, vijana wamebaki kukodoa macho. Mwandiko usiucheke, mimi nilisomea kisu.

Dada yako ni mgonjwa sana. Kakataza nisikwambie. Nakwambia.

Ilianza kwa tumbo kujaa. Akionja chakula, kashiba. Kukojoa kila mara. Zahanati wakasema gesi. Tukarudi, wakasema vidonda vya tumbo. Tumbo likazidi, mikono ikakonda, nami namtania, "Mama, kwa umri huu unaniletea mtoto?" Tukacheka wote.

Hospitali kubwa ndiyo iliyompiga picha. Saratani ya ovari, na imeshatambaa. Shemeji, nilimfokea yule daktari, binti mdogo tu. Nikamwambia nimepasua matumbo kuliko ninyi nyote hapa, ng'ombe akiwa na uvimbe naujua, ninyi mlikuwa wapi? Akaniuliza taratibu, "Mzee, uliujua kabla hujampasua?"

Nikavuta kiti, nikamwomba anieleze upya. Mimi, unayenijua.

Kile kiungo ni kidogo, kimejificha ndani kabisa, hakilii mpaka mambo yameharibika. Wamemfanyia upasuaji, wametoa walichoweza. Sasa ni dawa za dripu. Nywele zimekwisha. Jana nilimchemshia supu ya mifupa, akalishika bakuli tu lipate kumpasha mikono.

Daktari akauliza habari za mama yenu. Nikamwambia alikufa kwa tumbo, hatukujua la nini. Akaliandika, kisha akauliza kama dada yako ana mdogo wake wa kike. Anasema hakuna kipimo cha uhakika cha kuukamata ugonjwa huu mapema, lakini wewe uonwe na bingwa wa magonjwa ya wanawake sasa hivi, ukiwa mzima, umweleze yote, ya mama na ya dada. Usisubiri tumbo lijae. Usikubali kuambiwa gesi.

Najua ukimaliza kusoma utafunga mzigo uje. Usije. Nenda hospitali kwanza. Ukifika hapa hujapimwa sikufungulii mlango, hata ulie. Dada yako atakungoja. Nimemwambia akungoje, naye hajawahi kunibishia.

Nisalimie fundi bomba, mapacha, na mama mkwe wako mwenye miwani. Mungu akufunike wewe, maana huku tumechelewa kumwomba.

Wako akupendaye hata ukininunia,
Shemeji yako wa bucha