Kelele ya Chini ya Gari Letu

Papa mpendwa,

Gari lako lilinyamaza. Najua habari hiyo ingekukunja uso, maana hata mimi ilinikunja. Halikuwahi kunyamaza tangu ulipolala chini yake hapa uani kwetu mtaa wa Hewa Bora, ukang'oa mipira laini inayoshikilia kile kiunzi cha chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, ukaweka vipande vya nailoni ngumu ulivyochonga mwenyewe kwenye karakana ya reli. Kabla ya hapo, kila mvua ikinyesha, kiunzi kilichezacheza na magurudumu yakarukaruka badala ya kushika udongo. "Gari isitikise matako," ulisema, "hatuko ku fête ya kucheza ngoma." Kweli, lilipanda tope lote jekundu bila kuteleza, ila lilinguruma hadi meno yetu yakagongana. Mama alishika mgongo, akatazama dirishani.

Unakikumbuka kigoda? Hukuwahi kumwachia fundi gari ukaenda zako. Ulibeba kigoda kutoka nyumbani, ukakaa kando yake umekodoa macho mpaka boloti ya mwisho. Nikipita hapo na wenzangu wa shule, nilijifanya sikujui. "Fundi iko muzuri," uliniambia, "kama unamuangalia."

Basi, baada ya mazishi yako, mdogo wangu Deo aliazima gari ampeleke Mama hospitali. Likarudi limetulia kama kitanda. Nikamuuliza amelifanya nini.

"Nilipaka mafuta tu, Yaya," akanijibu mimi dada yake mkubwa.

Mafuta! Huyo mwanao hajui kudanganya, anakuna sikio. Mvua iliyofuata ilinikuta njia ya Kasapa, karibu na chuo kikuu. Gari likatikisa matako mbele ya wanafunzi, likateleza hadi ukingo wa mtaro. Niliogopa sana, Papa. Halafu nikakasirika.

Nilipofika nyumbani nikaingia chini ya gari. Vipande vyako havikuwepo. Palikuwa na mipira mipya, laini. Nikawaza mabaya yote: ameviuza, na sasa anatafuta mnunuzi wa gari lenyewe. Nilianza hata kuchunguza viatu vyake kama ni vipya. Jioni nikamkabili Deo, Mama akisikia.

"Bitu ya Papa uliuzisha kwa nani?"

Deo akakuna sikio, akamtazama Mama. Mama akaingia chumbani, akatoka na vipande vyako vyote vimefungwa ndani ya kitenge, vimeoshwa safi.

"Mi njo nilimutuma," alisema. "Myaka yote mugongo ilikuwa inaniuma mu ile gari. Baba yenu hakuniulizaka."

Hilo liliniuma, na nadhani lingekuuma na wewe. Ulikuwa unawachungulia mafundi wa mji mzima, kumbe anayeumia amekaa kiti cha pembeni yako. Nilikukasirikia siku kadhaa. Tukaendelea na mipira laini, nikizungukia barabara za lami kila mawingu yakikusanyika.

Kisha Jumapili moja, tukitoka misa, Mama akasema ghafla, "Rudisha ile makelele."

"Na mugongo, Mama?"

"Mugongo ni yangu. Hii gari inanyamaza sana. Ninageuka ku volant, ninaona haiko yeye."

Nikaushika usukani wako, nikaendelea kuendesha.

Jana tulivirudisha vipande vyako. Fundi alisema ni kazi ndogo, niende nirudi baadaye. Wapi! Nilikuwa nimekuja na kigoda chako. Deo alicheka mpaka akaegemea ukuta, lakini sikubanduka, na fundi alipoinuka niliingia chini nikashika kila boloti kwa mkono wangu. Deo mwenyewe bado namchungulia kidogo. Hiyo nimeirithi, utanisamehe.

Mama aliweka mto mgongoni, akafunga mlango. Nikawasha. Sakafu ikaanza kunguruma, vioo vikatetemeka, kila kitu kama zamani. Mama akashika mgongo, machozi yanamtoka.

"Iko," alisema. "Papa yenu iko."

Pumzika, Papa. Nyumbani tunakusikia.

Binti yako mkubwa