Damu Isivuke Reli

Alhamisi, Januari 2008

Bado hasira haijaniisha. Ni Baba Mercy.

Wiki nzima nimezunguka mtaa wetu wa Kianda mlango kwa mlango nikiomba watu waje kanisani kutoa damu, maana hospitali imejaa watu waliokatwa mapanga katika vita vya kura, sisi na wale wa ng'ambo ya reli, na friji ya damu iko tupu. Leo gari la hospitali likaja. Watu wakapiga foleni, nikafurahi kama mjinga.

Halafu Baba Mercy, mzee wa kanisa mzima, akamuuliza nesi, "Sister, si mwandike hapo kwa mfuko hii damu isiende kwa wale wa ng'ambo ya reli?"

Nesi akamwambia inaenda kwa mgonjwa yeyote. Baba Mercy akashusha mkono wa shati, akatoka. Foleni ikamfuata.

Huyu huyu. Juzi tu, kabla ya kura, mkewe alivuja damu akijifungua, hospitali ikamwambia alete watu wa kutoa. Nani walikuja? Mafundi viatu wa Laini Saba, hao hao wa ng'ambo ya reli. Aliwanunulia soda, akawaita ndugu.

Mkewe leo hakumfuata. Alibaki amesimama pale, yule mtoto mgongoni, mkono wa blauzi ameshaukunja.

Nesi alimwangalia kwa huruma. Mama anayenyonyesha, tena aliyevuja vile, hatolewi damu.

Mtu mmoja tu alibaki kwenye foleni, na huyo ndiye tuliyemrudisha nyumbani.