Nani Aliyeziua Taa za Maulidi

Jumatano. Asubuhi kulipita rasharasha, mchana mawingu tele, lakini moyo wangu mkunjufu.

Kesho kutwa ni maulidi ya mtaa wetu hapa Mji wa Kale, na nyuzi sita za taa zimejazana sakafuni kwangu. Majirani walishasema zitupwe, zinunuliwe nyingine. Nikawaambia, wallahi hazitupwi, nipeni siku moja nizitengeneze. Kazi hii naiweza na sioni haya kusema.

Ninalolionea haya ni jingine.

Mwaka jana taa alizitundika Ami Twahiri, jirani yangu wa mlango wa pili. Zikazima katikati ya kisomo, mlangoni tukabaki gizani. Mimi, kwa ulimi wangu huu, nikasema mbele za watu kwamba Ami kaunga waya vibaya. Tangu hapo salamu zetu ni za mdomoni tu. Mwaka huu amekataa kabisa kupanda ngazi, na hakuna mwingine mtaani ajuaye kuzitundika zikapendeza.

Basi leo nimeketi na mita yangu ya umeme, napima balbu moja moja. Hizi zimeungana, moja ikifa, kipande kizima chazimika nayo. Viungo vya Ami nimevifungua vyote, na nasema kweli, nilikuwa nikivitafutia kosa. Sikuliona. Amevikaza vizuri kuliko ninavyokaza mimi.

Balbu mbovu zote zilikuwa za kipande kilichozunguka mlango. Nyaya za miguuni mwa balbu hizo zimeota kutu ya kijani, na plastiki ina michirizi ya maji yaliyokauka. Nikanusa.

Marashi!

Na aliyesimama mlangoni na mrashi, akiwarashia wageni kwa mbwembwe, mkono juu kupita vichwa vyao, alikuwa nani? Mimi, bibi fundi.

Nikabadilisha balbu, nikasugua kutu, nikalehemu na kuvifunika viungo visiingie maji tena. Kabla ya alasiri nyuzi zote sita zawaka. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Nakiri, nilitaka kunyamaza. Taa zawaka, nani angeniuliza? Lakini lawama niliitoa hadharani, kuifuta chumbani haifai. Nikajitanda buibui, nikaenda barazani alipoketi Ami na wenzake.

"Shikamoo, Ami. Nilikukosea. Kazi yako haikuwa na ila. Taa niliziua mimi, kwa marashi."

Wazee walicheka hadi wakakohoa. Ami Twahiri hakucheka. Aliitazama mikono yake kwanza.

"Mwaka mzima, mwanangu," akasema, "nilijua mikono hii imekwisha."

Nilidhani amenuna. Kumbe aliamini lawama yangu.

Nikamwomba radhi tena, akanipa.

Kesho asubuhi tunatundika. Yeye juu, mimi chini nimeshika ngazi.