Mafuta ya kondoo kwenye mkanda wa pikipiki

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro tangu alfajiri na mpaka sasa, saa tisa mchana, haujaondoka. Baridi ya kukata masikio. Sina hamu ya chai wala ya mtu.

Leo nimebadilisha mkanda wa pikipiki ya matairi manne kwa mikono yangu mwenyewe. Anayetaka kucheka aje huku kwetu Daa anicheke usoni, nipo. Na nimeishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona herufi imekosewa nyamaza, soma mbele.

Pikipiki ni ya mwanangu Paskali. Aliinunua ikiwa kuukuu kwenye shamba moja la kahawa walipokuwa wanauza vitu vyao, akaileta itusaidie mimi na baba yake kubeba maji na mahindi. Yeye mwenyewe anaendesha watalii kule Kreta ya Ngorongoro, nyumbani alikuwa anakuja akipata likizo. Tangu masika ya mwaka jana imelala bandani. Kuku wamefanya kiti chake kiota. Nimewafukuza.

Mkanda wenyewe ni mpira mnene wenye meno kwa ndani. Unakaa ubavuni, chini ya kifuniko, umezunguka puli mbili, ndio unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye matairi. Ukifa, injini itanguruma mpaka ichoke na wewe husogei hata shibiri.

Nilianza asubuhi. Nimefungua pa kukanyagia, nikafungua boliti za kifuniko, nikazipanga kwenye sinia kama zilivyokaa, za juu juu, za chini chini. Hakuna aliyenifundisha kwa kunikalisha darasani. Nimemtazama Paskali akifanya, miaka. Nina macho.

Kifuniko kikatoka.

Harufu ikanipiga. Mwaka umepita na zaidi, lakini ile harufu naijua kama ninavyojua ya jikoni kwangu. Mafuta ya mkia wa kondoo. Yameganda kwenye puli, meusi, yamechanganyika na nyuzi za mkanda ulioungua.

Nikakaa chini kwenye mabua ya mahindi.

Sasa niseme, maana ndiyo sababu ya kuandika. Sijamwambia padri, sijamwambia jirani.

Mwaka jana, kabla mvua hazijakolea, Paskali alikuwa ameufungua huo mkanda anausafisha. Simu ikaita, anatakiwa kazini siku hiyo hiyo. Akaurudisha mkanda mahali pake, akaniambia, "Ayo, nimemaliza, wewe funika tu na ukaze boliti. Usiguse kitu kingine." Ayo ndiyo mama kwetu Wairaqw.

Mimi siambiwi usiguse. Nikautazama mkanda, mkavu, una mipasuko midogo midogo kama kisigino cha mzee. Nimekulia nyuma ya plau la ng'ombe mimi. Baba yangu alitufundisha kwamba kamba ya nira isipopakwa mafuta hukauka, na ikikauka hukatika katikati ya shamba. Kila mara kabla ya kulima tulizipaka zile kamba za ngozi mafuta ya kondoo mpaka zinalainika kama mlenda. Nikasema moyoni, hawa watoto wanaosoma hawajui kutunza kitu. Nikachukua kopo, nikaupaka mkanda mzima, ndani na nje. Nikafunika. Nikajisifu.

Mvua ikaja, pikipiki ikakaa bandani. Paskali aliporudi likizo, siku ya pili tu, baba yake akashindwa kuvuta pumzi. Mzee wangu. Gari gani lishuke huku kwetu kwenye tope lile? Tukampakia kwenye pikipiki, tukamfunga kwa kanga mbili mgongoni kwa mwanawe, mimi nikawa natembea nyuma nimeshika mwavuli kama mjinga.

Kwenye tambarare ilikwenda. Mlimani ikaanza kuteleza. Injini inalia, matairi yanazunguka kidogo yanasimama. Moshi. Harufu ya mpira. Kisha mlio mmoja, pa!, na ikawa basi.

Paskali alifungua kifuniko pale pale kwenye mvua. Akaingiza kidole, akakitoa, akakifuta kwenye suruali. Akakimbia kuita watu wa machela.

Mzee alikufa kwenye machela, kabla hatujaiona lami.

Mazishini shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasimama mbele ya watu wote. Akasema, "Mtu anaendesha magari ya Wazungu, anayaosha mpaka chini, lakini pikipiki ya kumbeba baba yake ameiacha mkanda umeoza. Huyu ndiye mtoto wa kiume?" Watu wakaguna. Paskali akainamisha kichwa. Na mimi mama yake, mwenye mdomo ambao kata nzima inauogopa, nikatazama vidole vya miguu yangu.

Nilijipa maneno mengi tangu siku ile. Mkanda ulikuwa wa zamani. Tope lilikuwa jingi. Siku ya mtu ikifika imefika. Paskali tangu mazishi hajakanyaga hapa. Anatuma sukari kwa watu wanaopita, anauliza kwenye simu kama nimekula, basi. Nikasema ni aibu ya yale maneno ya baba yake mdogo, itaisha.

Wiki iliyopita, kwa kuwa mahindi yamekauka na mgongo wangu haubebi tena, nilikwenda Karatu mjini kutafuta mkanda mpya. Muuzaji wa vipuri akaniambia, "Bibi, huu ni mpira, hautaki kupakwa kitu, utateleza. Hata mikono nawa kwanza."

Nikamuuliza kama mzaha, "Hata mafuta ya kondoo kidogo?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, mkanda unataka kuufunga au kuukaanga?"

Nikacheka naye. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya duka, nikasimama pale nimeshika ukuta mpaka mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ashughulike na njia yake.

Basi leo nikanyanyuka kwenye mabua. Nikatoa kipande cha mkanda kilichoungua, nikakiweka kando, nikachokonoa kila uzi uliobaki. Nikasugua puli kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, nikafuta, nikarudia kwa spiriti, nikafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Nikanawa mikono mara mbili. Nikaingiza boliti ndefu kwenye puli ya nyuma ili ijipanue, nikatazama mshale wa mkanda uelekee mbele, nikauvisha, nikatoa boliti. Nikainua nyuma kwa jeki, nikawasha, matairi yakazunguka hewani polepole na mkanda ukapanda wenyewe ukakaa. Ndipo nikafunika. Kazi ya asubuhi moja. Mtu asikwambie ni kazi ya wanaume.

Mkanda mpya haukimbizwi. Nikaenda nao taratibu tambarare yote, kisha nikaushika ule mlima.

Ukapanda.

Haukuteleza, haukunuka, haukulalamika. Nilifika juu kabla sijamaliza Baba Yetu. Nikazima injini nikalia kama mtoto, peke yangu kwenye ukungu. Maana sasa sina tena neno la kujipa. Tungefika. Labda angekufa hospitalini, labda asingekufa, lakini tungefika.

Pale juu mtandao unashika. Nikampigia Paskali.

"Ayo, kuna nini?"

"Niko juu ya mlima. Nimekuja na pikipiki."

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi. Nyamaza nikwambie. Ule mkanda niliupaka mafuta ya kondoo. Ulisema nisiguse, nikagusa. Ni mimi."

"Najua, Ayo."

"Unajua nini wewe?"

"Nilinusa siku ile. Kidole kilikuwa kinanuka kama mlango wa bucha."

Mungu anisamehe, nilimfokea. Nikamwambia, mpumbavu wewe, ukamwacha baba yako mdogo akuvue nguo mbele ya watu, una mdomo wa nini? Akaniacha nimalize.

"Ulitaka niseme, Ayo? Mbele ya jeneza, kwamba ni mama?"

Nikamuuliza basi mbona huji nyumbani.

"Nikija nitakaa, utanipakulia, nitakula, halafu nitasema. Kila nikitaka kuja naogopa nitasema, na sijui nitasemaje bila kukuumiza." Nikasikia watu wanaongea Kizungu nyuma yake. "Nina wageni kwenye gari. Tutaongea." Akakata.

Nilidhani ananikimbia kwa aibu. Kumbe aibu ni yangu, yeye anaibeba tu, mwaka mzima, kama alivyombeba baba yake.

Nimerudi, nimeiweka pikipiki bandani, nimeifunika turubai kuku wasirudi. Kopo la mafuta bado liko rafuni. Yamebaki nusu.

Sikumwambia aje Jumamosi. Ulimi ulikuwa tayari, nikaurudisha. Atakuja kula kwa nani, kwa mtu aliyemwacha asemwe vile mbele ya kaburi la baba yake?

Kwanza Jumapili. Misa ikiisha watu husimama nje kusalimiana, shemeji akiwa katikati kama kawaida yake, na wengi wao ni wale wale walioguna. Nitakwenda na kile kipande cha mkanda kilichoungua. Nitampa kila mmoja anuse. Sijawahi kuomba msamaha mbele ya watu tangu nizaliwe, na sijui maneno yake yanaanzaje, lakini nina siku tatu za kuyatafuta.

Hilo likishatoka mdomoni, ndipo nitapanda tena mlimani kumpigia mwanangu, nimuulize kama atakuja kula.