Mlingoti wa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Matiri, Mbinga
Alhamisi

Kwa kaka Nathanieli,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Hujambo wewe? Shemeji Asteria hajambo, na watoto je? Na ule mguu wako uliokuwa ukivimba kila ukitoka ziwani, umepoa? Sisi huku tunapumua. Mikahawa imeanza kutoa maua, mvua bado. Mama mwili wake hauna shida, ila hajui kwamba nakuandikia. Ningepiga simu, lakini unajua mtandao wetu mpaka upande kule kwenye msalaba wa kigango, na siri haisemwi kule kwa kupiga kelele. Barua hii nampa dereva wa gari la Mbamba Bay, naye atatafuta mtu wa kukufikishia hapo Liuli.

Kaka, ni ule mti wa mlingoti ulio nyuma ya nyumba ya mama. Ulisema uangushwe kabla ya mvua kwa sababu umeanza kuinamia paa. Basi Jumamosi tukaita ngokela, watu waje tusaidiane kazi, mama akapika pombe kama ilivyo desturi, majirani wakaja na kamba zao, nami nikatoka na ule msumeno wako wa chenso kama bwana harusi. Unajua inavyoheshimiwa hapa. Miaka kumi na mmoja imepasua mbao za nusu ya kijiji, imenyeshewa, imeanguka kutoka kwenye pikipiki mara mbili, na bado ukivuta kamba mara ya tatu inaitika. Zile za bei rahisi zilizokuja baadaye zimekufa zote. Elias jirani yetu alinunua mbili, leo kuku wanazilalia! Mama husema hiyo ni mashine ya Nathanieli, haijui kuugua.

Nikakata kabari upande wa shamba, nikahamia upande wa nyumba. Nilipofika katikati ikalia vibaya, ikanyamaza. Nikavuta kamba, haivutiki. Hapohapo upepo ukausukuma mti, ukalikalia lile bapa linaloshika mnyororo. Lo! Watu walipiga mayowe, wakaning'inia kwenye zile kamba mpaka tukazifunga kwenye miti ya migrevilea ya shambani. Umesimama hivyo hadi leo, umekatwa zaidi ya nusu, bapa limo ndani, na kilele kinaliangalia paa la mama.

Tumehangaika, kaka, acha tu. Bwana mmoja wa Mpepai alikuja na chenso yake, akauzunguka mti mara moja, akasema ana watoto wanne, akapanda pikipiki yake. Trekta haliwezi kushuka mteremko wetu. Upepo ukija shina linalia, nasi tunasimama uani mikono kichwani. Mimi, mwanaume mzima, kazi yangu imebaki kukaza kamba na kusali rozari.

Fundi Hyasinti wa Mbinga mjini aliifungua injini kutoka kwenye bapa, akaenda nayo. Jana ameirudisha. Akanivuta pembeni kwenye mikahawa, akanionyesha pistoni ilivyokwaruzika, akasema imenoki, haiamki tena, na mashine kama ile ingeweza kufanya kazi miaka kumi mingine. Kisha akaniuliza taratibu nilitia petroli gani.

Kaka, sijui niseme vipi. Oili ya kuchanganya na petroli ilikuwa imekwisha. Watu wameshafika, pombe imeiva, nikaona aibu kuwaambia waningoje niende mjini. Nikachota petroli kwenye pikipiki ya Sixbert, mmoja wa waliokuja kusaidia, nikaimimina kavu, bila tone la oili ya kuilainisha injini. Nilijua. Wewe mwenyewe ulinifundisha kupima kwa chupa ya soda. Nikajiambia chenso ya kaka haiwezi kufa kwa tangi moja.

Na hilo si baya kuliko yote. Mama aliponiuliza, nilimwambia imechemka tu, inapumzishwa. Sasa hataki kuhama. Tumemwandalia chumba kwangu, mke wangu Luisa amempigia magoti, mama anacheka. Anasema mashine ya Nathanieli haijawahi kumtia aibu, ikishapumzika itamaliza kazi yake, kwa nini akalale kwa watu? Mara mbili nimekwenda kumwambia ukweli. Mara ya kwanza akanipa chai. Mara ya pili akanisifu kwamba naitunza mali yako vizuri. Nikashindwa, kaka. Jana nikajikaza nikamwambia imekufa, akasema namdanganya ili ahame.

Njoo, nakuomba. Umwambie kwa mdomo wako kwamba chenso yako imekufa na mimi ndiye niliyeiua. Kwako ataamini, atatoka. Baadaye unifanye unavyotaka. Sasa hivi yumo ndani anachambua maharage, nami nimekaa mlangoni kwake naandika. Wingu limeanza kukusanyika upande wa ziwa. Mvua ikianza kabla hujafika, ujue nimeingia ndani kukaa naye.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yetu. Mungu awalinde huko ziwani.

Ni mimi mdogo wako,
Kilian