Baridi ya Pikapu ya Baba

Jumatatu, 9 Februari

Bibi amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Salama! Anatoka hospitali Ijumaa. Daktari amemwonya Baba: vumbi lisiliguse jicho lile, hata chembe, ama kazi yote itaharibika.

Na njia ya kwetu, lami ikiisha, ni vumbi tupu. Kwa hiyo madirisha lazima yafungwe. Lakini ukifunga madirisha ya pikapu yetu unapikwa. Dizeli ile ilizaliwa kabla yangu, na kiyoyozi chake kilikata roho zamani.

Mama akasema tukodi teksi yenye baridi. Baba akaruka: mama yake mzazi apandishwe gari la watu, na yeye ana gari? Amemwita fundi. Fundi wa friji! Eti gesi ni gesi.

Jumanne, 10 Februari

Fundi Friji amekuja na mtungi wake. Akafungua boneti, akakohoa kama daktari bingwa, akatangaza, "Mzee, hii ni njaa ya gesi tu." Hakukagua paipu hata moja. Akajaza.

Baridi! Kweli kabisa, baridi. Baba akatupakia, tukazunguka mtaa mzima vioo juu. Kila aliyetusalimia, Baba alimgongea kioo kwa kidole, maana yake: siwezi kufungua, itatoka. Mimi nilijikunja chini ya dashibodi nisionekane.

Jumatano, 11 Februari

Joto. Upepo unaotoka kwenye matundu ni kama pumzi ya mbwa.

Fundi akarudi, akaongeza gesi. Akasema gari la zamani lazima linywe kwanza likate kiu. Baba akaitikia kwa kichwa kama aliyesomewa kitabu kitakatifu.

Nilikuwa nimesimama karibu na boneti. Kwa mbele, paipu mbili zinapoungana, kuna mafuta yamenasa vumbi. Kwingine kote kukavu. Nikasema huenda gesi inavujia hapo. Nadhani nilisema.

"Binti anasemaje?" fundi akauliza.

"Anakuamkia," Baba akajibu.

"Marahaba, mwanangu!"

Nikaingia ndani.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeamka mapema, nikachukua sabuni ya maji na sifongo. Nikapaka povu pale kwenye kiungo cha paipu. Mapovu yakaanza kuvimba, moja, jingine, jingine! Gesi inavuja. Nimeiona kwa macho yangu!

Baba akatokea nyuma yangu. Sasa hivi nitamwambia—

"Ahsante, mwanangu, kwa kuosha gari. Usisahau magurudumu."

Nikaosha magurudumu. Yote. Sijui nimesomea nini miaka yote ile, kama hata sentensi moja inanishinda.

Nikamwambia Mama. Akasema nimwambie Baba. Nikasema amwambie yeye. Akacheka: "Mimi nilishasema teksi. Ulisikia nilivyojibiwa."

Jioni Baba akamwingiza jirani ndani ya gari, akamfungia milango. "Unaisikia?" Jirani akatoka ameloa mpaka kwenye soksi. "Kali sana, mzee. Hongera." Mnafiki mkubwa!

Ijumaa, 13 Februari

Hospitali, benchi la nje. Naandikia magotini.

Tumekuja mimi na Baba, vioo juu. Tanuri. Alipoingia kwa daktari nikabaki na Bibi, jicho moja limefunikwa pamba na plasta, la pili bado lina ukungu. Akanishika mkono. "Mjukuu wangu, wewe huna maneno mengi, ndiyo maana nakuuliza wewe. Hilo gari lina baridi?"

"Hapana," nikasema. Ikatoka kwa sauti! Nesi akageuka. Nikaendelea tu: gesi inavuja, nimeona mapovu, njia ni ndefu, ukizidiwa na joto tutafungua dirisha na vumbi litaingia. Na teksi zipo pale getini. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Bibi akaomba chai kwenye chupa yake.

Baba akarudi, akaleta pikapu mpaka mbele yetu, akashuka, shati limemgandia mgongoni. "Mama, twende. Humo ndani utadhani friji!"

"Vizuri, mwanangu," Bibi akasema. "Tangulia wewe. Kaa humo, funga vioo, ipoe vizuri. Nikimaliza chai yangu nakuja."

Baba alinitazama. Nikatazama viatu vyangu. Akaingia.

Yumo humo sasa. Injini inanguruma, vioo juu, jua la saa saba. Uso wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Ametuonyesha kidole gumba.

"Anafanya nini?" Bibi ameuliza.

"Anatabasamu."

"Hajafungua dirisha?"

"Bado."

Bibi amenyoosha kikombe. "Basi nimiminie kingine."